Bima ya Paka na Kadi ya Mama

Jioni moja ya Oktoba 2024, mvua za mwanzo zikigonga bati, dada yangu alinitumia picha ya paka. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha miamala hapa Tukuyu mjini, nasubiri mteja wa mwisho atoe fedha nifunge. Paka mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kochi kama mwenyekiti wa kikao: manyoya marefu ya kijivu, vishungi vya nywele kwenye ncha za masikio, mkia mnene kama ufagio mpya. Chini ya picha dada aliandika: "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma bima. Nisaidie kumchagulia huyu."

Nilidhani ni utani. Ni kweli nilisoma bima chuoni Dar es Salaam, miaka mitatu, na cheti kipo kwenye begi chini ya kitanda. Lakini tangu nihitimu sijamkatia bima mtu hata mmoja. Natoa na kuweka fedha za watu, nauza vocha, nachaji simu. Sasa mteja wangu wa kwanza angekuwa paka wa Uingereza.

Dada hakuwa anatania. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Bibi mmoja aliyemhudumia kwa miaka miwili alifariki Agosti na kuacha paka wa miaka sita, paka wa mbegu mwenye cheti cha ukoo, wa aina inayoitwa Maine Coon. Mtoto mmoja wa marehemu ana mzio wa manyoya, mwingine anaishi kwenye nyumba ya kupanga isiyoruhusu wanyama. Wakamuuliza dada kama anaweza kumchukua. Akamchukua. Kisha wafanyakazi wenzake wakamweleza gharama za daktari wa wanyama kule, akashtuka, akaanza kutafuta bima. Kati ya kampuni tatu alizoziangalia, ile aliyokuwa anaielekea ilimtaka pauni 17 kwa mwezi.

Nikafanya hesabu ambayo mtu yeyote wa huku angeifanya. Pauni 17 zilikuwa karibu shilingi 60,000. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ambayo watu wa vijijini wanaijua, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, kwa mwaka mzima. Maana yake, mwezi mmoja wa paka ni mwaka mmoja wa kaya mbili. Mwaka mmoja wa paka ni kaya 24. Nikaanza kuhesabu nyumba za uchochoro ninaoishi, mlango kwa mlango. Nyumba ziliisha kabla sijafika 24.

Nilikasirika. Sikumwambia, kwa sababu ni dada yangu mkubwa na kwa sababu ada yangu ya chuo mwaka wa tatu ilitoka kwenye mshahara wake. Nilimwandikia tu, "Nitaangalia." Lakini usiku ule swali lilinikaa: je, ni haki kumkatia mnyama bima katika dunia ambayo watu hawana? Na kama si haki, kosa ni la nani hasa?

Nilianza na kazi niliyotumwa, kwa sababu hasira haimzuii mtu kusoma mkataba. Bima za paka kule, ukizichambua, ni za aina nne. Ya kwanza hulipia ajali tu: amegongwa na gari, ameanguka. Ya pili hulipia ugonjwa kwa muda maalumu, kwa kawaida miezi 12. Muda ukiisha, ugonjwa ule unatolewa kwenye bima. Ya tatu huweka ukomo wa fedha kwa kila ugonjwa; ukimaliza fungu hilo, basi. Ya nne ndiyo ghali: ina fungu la kila mwaka, na fungu hujazwa upya kila unapohuisha mkataba, hivyo paka mwenye kisukari au figo anaendelea kutibiwa miaka yote. Katika zote, kuna kiasi cha kwanza ambacho mwenye paka hubeba mwenyewe, na paka akizeeka mara nyingi anabeba pia asilimia fulani ya kila bili. Na katika zote kuna sentensi ile moja: ugonjwa au dalili iliyokuwepo kabla ya mkataba hailipiwi. Kwa hiyo ukikaa na kampuni moja miaka mitatu kisha ukahama kufuata bei nafuu, magonjwa yote ya miaka ile mitatu yanakuwa "yaliyokuwepo kabla" huko unakohamia. Kuingia ni rahisi, kuhama ndiko kugumu.

Nikasoma pia kuhusu mbegu yenyewe. Maine Coon ni miongoni mwa paka wakubwa zaidi wa kufugwa, asili yake jimbo la Maine, Marekani. Na ana ugonjwa wake wa ukoo: misuli ya moyo hunenepa mpaka chumba cha damu kinabanwa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitambua badiliko la jeni linalohusika na ugonjwa huo kwenye mbegu hii. Paka mwingine huishi nao bila dalili yoyote, na dalili ya kwanza inaweza kuwa kifo cha ghafla. Mbegu nyingine nazo zina yao: Persian wanajulikana kwa figo zenye uvimbe wa maji, na Scottish Fold, wale wenye masikio yaliyokunjwa yanayopendeza kwenye picha, gegedu lile lile linalokunja masikio ndilo linalowaumiza viungo maisha yao yote. Binadamu alichagua uzuri, akazalisha ndani ya ukoo uleule ili uzuri usipotee, na maradhi yakarithishwa pamoja na uzuri. Kampuni za bima zinalijua hilo, ndiyo maana fomu huuliza mbegu.

Jumamosi nilikwenda kijijini kumwona mama. Gari lilipita mashamba ya chai ya Katumba, ukungu umelala mpaka barabarani, na mlima Rungwe hauonekani. Nilimkuta mama bandani anakamua. Nyumbani kwetu kuna paka pia. Hana jina, anaitwa Paka. Hakununuliwa, aliombwa kwa jirani akiwa mdogo, akaletwa ndani ya kikapu. Kazi yake ni panya wa ghala la mahindi, na mshahara wake ni povu la maziwa kwenye kifuniko cha ndoo. Wakitokea wengine wakubwa kuliko yeye wakamuumiza, anajilamba mpaka apone au asipone.

Nikamwonyesha mama picha. Akafuta mkono kwenye kanga, akashika simu kwa mbali kama anavyoshika vitu vya kusoma.

"Anakamata panya?"

"Hapana mama. Anakula chakula cha kopo."

"Sasa kazi yake nini?"

"Kupendwa."

Mama akacheka. "Basi ana kazi ngumu kuliko ya ng'ombe wangu."

Nikamweleza habari ya bima na bei yake, nikisubiri ashtuke ili hasira yangu ipate mwenzake. Hakushtuka. Aliuliza watoto wa yule bibi wako wapi, na kwa nini hawakumchukua. Nikamweleza. Akarudisha simu, akasema, "Basi amkatie. Mnyama amebaki hana mtu."

Mama anajua mnyama wa mbegu ni nini, kuliko mimi. Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa. Zamani Wanyakyusa walifuga ng'ombe wa kienyeji, wadogo, wagumu, maziwa kikombe. Ng'ombe wa kisasa, chotara wa Friesian na wenzake, walienea huku miongo ya mwisho ya karne iliyopita kupitia miradi ya maendeleo, na baadhi yao kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba, ukizaa ndama jike wa kwanza unampa jirani anayefuata kwenye orodha. Mama alipata wake wa kwanza kwa njia hiyo. Ng'ombe hao ndio waliotusomesha. Mvua hapa hazikatiki sana, majani yapo, migomba ipo, na magari ya maziwa hupita asubuhi.

Lakini ng'ombe wa kisasa, kama yule paka, amelipia uzuri wake. Anatoa maziwa ambayo wa kienyeji hawezi kuyaota, na anakufa kwa mambo ambayo wa kienyeji huyavumilia. Ndigana kali, inayoletwa na kupe, humpiga chotara kwa nguvu kuliko ng'ombe aliyezaliwa na kukulia na kupe hao vizazi na vizazi. Ndiyo maana banda lina sakafu, ndiyo maana majani huletwa mpaka ndani, ndiyo maana kila wiki kuna siku ya dawa ya kupe. Mfugaji wa Tukuyu na tajiri wa London mwenye paka wa mbegu wana ujuzi mmoja wanaoshiriki bila kujuana: unapofuga mwili uliotengenezwa na binadamu, umejifunga kuuguza.

Hapo ndipo nilipomuuliza mama kuhusu bima ya ng'ombe. Si jambo geni tena nchini. Mwaka 2023 kampuni za bima ziliungana kwenye konsotia ya bima ya kilimo, ambayo inagusa pia mifugo, na wakala mmoja alishawahi kupita kibandani kwangu na karatasi zake. Kwa ng'ombe wa thamani ya shilingi milioni 1.8 alitaja asilimia 5, yaani 90,000 kwa mwaka. Ng'ombe awe na hereni sikioni, apimwe na mtaalamu wa mifugo, apigwe picha, na akifa taarifa itolewe ndani ya saa 24 pamoja na hereni yenyewe. Bila hereni hakuna fidia. Niligundua baadaye kwamba hata paka wa Uingereza hayuko mbali na hapo: kuanzia Juni 2024 sheria ya England inataka kila paka wa kufugwa awe na kidude cha utambulisho chini ya ngozi. Wanyama wenye thamani huandikishwa kila mahali.

"Niliambiwa na mimi," mama alisema. "Lakini hela ya mwaka huu niliimaliza kwa huyu."

Akanisimulia kitu ambacho hakuwa amenisimulia. Mwezi wa saba ng'ombe alikataa kula. Tezi zilivimba chini ya sikio, joto likapanda, akaanza kukohoa. Bwana mifugo alikuja mara tatu. Dawa ya ndigana ni ghali, na dozi inakwenda kwa uzito wa mnyama, naye ni mzito. Jumla ilifika shilingi 120,000. Mama alitoa fedha ya maziwa, akatoa ya kikoba, akatoa na 30,000 aliyokuwa ameiweka kwenye kitambaa kwa ajili ya kuhuisha kadi ya CHF.

"Kwa hiyo kadi imeisha?"

"Iliisha mwezi wa nane."

"Na vidonge vya presha?"

Akainama kumalizia chuchu ya mwisho. "Nanunua duka la dawa. Nikiwa nayo nanunua."

Nilimuuliza nikiwa nayo ni mara ngapi. Akasema siku nyingine anakula nusu kidonge ili vifike mbali.

Nilitaka kukasirika na nikashindwa kupata wa kumkasirikia. Nilikuja na hesabu ya kaya 24 kichwani, nimeshamhukumu dada kwa kumweka mnyama mbele ya watu. Sasa mama yangu mwenyewe alikuwa amemweka mnyama mbele ya mtu, na mtu huyo ni yeye. Nilimwambia, mama, ng'ombe ni ng'ombe. Akanyoosha mgongo, akanijibu polepole, kama anayemweleza mtoto:

"Mwanangu, mimi nikianguka mtanichangia. Ng'ombe akianguka nani atachanga? Mimi bima yangu ni nyie."

Nimelizungusha jibu hilo kichwani tangu siku ile, na kila nikilizungusha naona limebeba hoja kuliko nilivyodhani. Dada alisema paka hana mtu. Mama alisema ng'ombe hana wa kumchangia. Wote wawili walikuwa na fedha ya kutosha kitu kimoja, na wote waliielekeza kwa yule ambaye yuko nje ya ukoo. Si kwa sababu wanampenda zaidi. Ni kwa sababu waliamini waliomo ndani ya ukoo tayari wamekingwa.

Na kweli ukoo ni bima ya zamani. Babu yangu hakuwahi kusikia neno bima, lakini ng'ombe wake hawakulala wote zizi moja. Wawili walikaa kwa rafiki yake mabondeni, na yeye alitunza wa rafiki. Ugonjwa ukiingia bondeni, walio juu wanabaki. Ukiingia juu, wa bondeni wanabaki. Anayetunza anakunywa maziwa, mwenye mali anapata usingizi. Hapa mtaani tuna chama cha kufa na kuzikana: kila mwezi unatoa kidogo, siku yako ikifika turubai, sufuria na watu vinakuja bila wewe kupiga simu. Wazo ni lile lile linalouzwa London kwa lugha ya mikataba: wengi watoe kidogo ili mmoja asibebe kikubwa.

Lakini bima ya ukoo nayo ina vigezo na masharti, ingawa hayaandikwi. Inalipa vizuri sana kifo na inalipa vibaya ugonjwa. Mtu akifa, michango inapatikana kwa siku moja. Kabla hajafa, alikuwa anakula nusu kidonge na hakuna aliyejua. Inamlipa anayelia kwa sauti, na inamsahau anayenyamaza. Haimjui mgumba, haimjui aliyegombana na ndugu, haimjui mgeni. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na neno zito katika jina lile ni wote: kinga isitegemee una watoto wangapi na wanakupenda kiasi gani.

Mfuate basi mtu anayesema kama nilivyosema mimi usiku ule: fedha ya paka ilikuwa na kazi bora zaidi. Hoja hiyo ina mwanafalsafa wake. Peter Singer, mwaka 1972, aliandika kwamba kama unaweza kumwokoa mtoto anayezama kwenye dimbwi kwa gharama ya kuchafua nguo zako tu, ni wajibu kumwokoa. Na kwamba umbali haubadilishi wajibu huo, mtoto wa Bengal ni sawa na mtoto wa jirani. Kwa hoja hiyo dada anapaswa kulipia kaya 24 kwanza. Lakini Singer huyohuyo, mwaka 1975, aliandika kitabu kizima kutetea kwamba maumivu ya mnyama nayo yanahesabika, kwamba kuumia si mali ya binadamu peke yake. Anayemtumia kumpiga dada kwa mkono mmoja akumbuke mkono wa pili.

Mimi sina ugomvi na hesabu yake. Ugomvi wangu ni na mtu anayeitumia, yaani mimi. Niliitumia kwa dada tu. Sikuitumia kwa majirani zake wanaobadilisha simu kila mwaka, wala kwa harusi niliyochangia mwezi wa sita hapa Tukuyu, ambapo kadi ya mtu mmoja ilikuwa shilingi 50,000. Paka alinikera kwa sababu anachekesha. Anasa ikiwa na manyoya tunaiona. Anasa tuliyoizoea haina sura.

Halafu kuna jambo ambalo hesabu hiyo hailioni kabisa. Bima haimfanyi paka kuwa wa thamani kuliko mtu. Inachonunua ni kitu kingine: inakuondoa kwenye usiku ule wa kuchagua. Kule, mnyama akiugua na bili ikawa kubwa kuliko mfuko, daktari huuliza kwa upole kama mnataka alazwe usingizi asiamke. Dada hataki kuulizwa swali hilo akiwa na paka mapajani na salio la benki kichwani. Anataka kuwa amelijibu mapema, mchana, akiwa na akili yake. Mama aliulizwa swali la aina hiyo Julai, bandani, na hakuwa na jibu lililowekwa akiba. Alichagua ng'ombe. Kibaya katika hadithi hii si kwamba kuna paka mahali fulani ambaye hatachaguliwa dhidi ya kitu kingine. Kibaya ni kwamba mama yangu alilazimika kuchagua, na aliyemwachia uchaguzi huo hakuwa dada.

Niseme wazi. Mimi naishi mwendo wa saa moja kutoka kwake. Mimi ndiye niliyesoma bima. Shilingi 30,000 ninazimaliza kwa bando na chipsi kabla mwezi haujafika katikati. Nilimpigia mama kila Jumapili, na mazungumzo yalikuwa yaleyale: "Shikamoo mama." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo. Mnaendeleaje huko?" "Tunamshukuru Mungu." Kumshukuru Mungu ni jibu zuri, lakini halina ndiyo wala hapana ndani yake, na mimi sikuwahi kuuliza swali linalohitaji ndiyo au hapana. Nilikuwa bima isiyoomba maelezo na isiyolipa.

Wiki iliyofuata dada alinipigia. Alikuwa anajaza fomu. "Mdogo wangu, kuna swali hapa. Wanauliza kama amewahi kuonyesha dalili yoyote ya moyo." Kwenye daftari la daktari wa yule bibi kulikuwa na mstari mmoja wa mwaka 2022: mlio usio wa kawaida moyoni, mdogo, afuatiliwe. Haukuwahi kufuatiliwa. "Niandike hapana? Nani atajua?"

Hili ndilo swali la bima tulilofundishwa tangu muhula wa kwanza. Mwaka 1766, London, Lord Mansfield aliamua kesi ya ngome moja kule Sumatra iliyokatiwa bima isije ikatekwa, na humo akaeleza kanuni iliyotawala bima kwa karne mbili na zaidi: anayekata bima anajua mambo ambayo mwenye kampuni hawezi kuyaona, kwa hiyo asiyafiche. Kwa mwananchi wa kawaida Uingereza ililegeza mzigo huo kwa sheria ya mwaka 2012. Sasa wajibu wake ni kujibu kwa uangalifu na kwa ukweli kile anachoulizwa. Ila ndiyo hivyo: dada alikuwa ameulizwa.

Alinipinga, na hoja yake haikuwa ya kitoto. Kampuni si chama cha kuzikana, alisema. Wale wana wanasheria na faida. Wakiweza kunikatalia watanikatalia, kwa nini niwasaidie? Nilimwambia kwamba ni kweli kampuni si ndugu. Lakini fedha atakayolipwa haitoki mfukoni mwa kampuni tu, inatoka kwenye kapu lililojazwa na watu kama yeye, wahudumu wa wazee wenye paka wa kurithi, na kila aliyejibu hapana ya uongo amewapandishia wengine bei. Na kwamba daftari lile lipo: siku ya dai kubwa ndilo la kwanza kufunguliwa, na atakuwa amelipa miaka mingi akinunua kinga ambayo haipo. Kisha nikamwambia habari za mama.

Alikaa kimya muda mrefu. Nikasikia paka akilia upande wa pili, sauti nyembamba isiyofanana na ule ukubwa wake.

"Kwa hiyo mama naye ana mstari kwenye daftari," dada alisema, "na sisi tulijaza hapana."

"Hatukuulizwa," nilisema.

"Hatukuuliza," akanirekebisha.

Aliandika ndiyo. Kampuni ilimkubali paka, bima ya aina ya nne, bei ileile, lakini ikatoa moyo: chochote cha moyo hakitalipiwa. Akanitumia barua hiyo na kuuliza maana yake. Nikamjibu kwamba maana yake kila kitu cha paka huyu kimekingwa isipokuwa moyo, na moyo ni juu yako. Sasa anaweka pauni 10 pembeni kila mwezi kwa ajili hiyo, na amempeleka kupimwa. Anafuatiliwa.

Kadi ya mama nililipia mimi. Dada alitaka kutuma, nikamkatalia, si kwa majivuno, ila nilihitaji itoke kwenye mfuko uleule uliokuwa unanunua bando. Afisa mwandikishaji wa kijiji alikuja na simu yake kumpiga mama picha. Mama akakataa kupigwa na nguo za bandani, akaingia ndani, akatoka na kanga mpya, akasimama wima mbele ya migomba kama anapiga picha ya pasi ya kusafiria. Presha ilikuwa juu. Alipewa dawa za mwezi mzima.

Ng'ombe bado hana bima. Ile 90,000 tunaichanga, mama, dada na mimi, na tumekubaliana ianze mwakani. Paka wa ghala naye hana, na hatakuwa nayo. Sijui kama hiyo ni haki kwake. Najua tu kwamba juzi alipokuja anachechemea, mama alimsafisha jeraha kwa maji ya chumvi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Jumapili bado napiga simu. Shikamoo, marahaba, tunamshukuru Mungu. Kisha nauliza vidonge vimebaki vingapi, na mama anaweka simu chini, anakwenda kabatini, na mimi nasikia anavihesabu kwa sauti kimoja kimoja.